Benchi la Madam

Madam hakuanza kwa kutufundisha kushona. Alianza kwa kutufundisha kungoja. Nikiwaambia hivyo walimu wenzangu huwa wanacheka, wanasema kungoja nako kuna somo? Hata ng'ombe hungoja kukamuliwa. Nawaambia haya, chekeni, nyinyi hamkumjua Madam.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, kwa sababu hakutuambia na sisi hatukuthubutu kuuliza. Alitoka pande za Taita, basi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na chetu cha Kigusii kilimchoma masikio mpaka akawa anafumba jicho moja kila tulipofungua mdomo. Wanafunzi walimwita Madam, wazazi walimwita Madam, na mwalimu mkuu, mwanamume mzima mwenye tai, naye alimwita Madam. Jina lake nililiona mara moja tu, chini ya barua, na kwa heshima yake sitaliandika hapa.

Shule yetu ilikuwa ya Harambee, si mbali na soko la Nyaramba, mwishoni mwa miaka ya sitini. Madarasa ya udongo, mabati mapya, na cherehani moja ambayo Madam alikuja nayo mwenyewe. Msichana aliyemaliza kidato cha pili pale alikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa chuo cha ualimu cha wanawake kule upande wa Kisii. Ukiitwa kwenye usaili ukapita, unakuwa mwalimu, unalala kwenye kitanda chako mwenyewe, na baba yako anakuita kwa sauti ya chini. Usipopita, unarudi kuchuma majani chai ya baba mpaka siku utakapokwenda kuchuma ya mume. Mimi nilikuwa nimechuma tangu utotoni, vidole vimekuwa vyeusi, na niliapa kwamba ya mume sitachuma. Kwa hiyo niliposikia kwamba Madam ndiye anayejua jinsi ya kuwapitisha wasichana, nilimganda kama kupe.

Kila Alhamisi baada ya masomo tulitoa benchi refu, tukaliweka chini ya upenu wa chumba cha kushonea, tukakaa. Magoti pamoja, mikono juu ya magoti, mgongo usiguse ukuta. Hakuna kupiga miayo, hakuna kujipepea na barua, na mwenzako akitoka ndani hakuna kumrukia, "wameuliza nini, wameuliza nini," kama kuku waliomwagiwa mahindi. Tulikaa saa nzima, siku nyingine mbili, mvua ya jioni ikinyesha mbele ya miguu yetu.

"Mezani watakuuliza dakika kumi," alikuwa akisema. "Kwenye benchi watakutazama asubuhi nzima. Usaili unaanzia kwenye benchi, mabinti."

Na alikuwa na vituko vyake. Alimtuma mpishi wa shule apite mbele yetu na ndizi za kuchoma, aone nani atameza mate. Alipita mwenyewe, akaangusha kibiringo cha uzi kana kwamba hakujua, akaenda zake. Wa kukiokota hakukosekana, lakini Madam hakutazama anayeokota. Alitazama anayeokota bila kwanza kugeuza shingo kuona kama anatazamwa. Mimi niligeuza shingo kila mara. Kerubo hakugeuza hata siku moja.

Sasa nimemtaja Kerubo, na roho yangu imeanza kuwaka, na miaka yote hii imepita! Kerubo alikuwa jirani yangu, boma lao na letu yakitenganishwa na migomba tu. Tulikwenda shule pamoja, tukabatizwa siku moja, tukaketi dawati moja. Nilimshinda hesabu. Nilimshinda kushona, hilo Madam mwenyewe alikiri, maana matundu yangu ya vifungo yalikuwa yakizungushwa darasa zima kama mfano. Lakini nani aliyembebea Madam kikapu? Kerubo. Nani aliyemtungia sindano macho yalipoanza kumsumbua? Kerubo. Madam akiingia darasani alitafuta uso mmoja kwanza, akiupata ndipo anaweka vitabu mezani. Nilikuwa nakaa sentimita thelathini tu kutoka kwenye uso huo, na macho yake yalinipita kama yanavyopita dirisha.

"Nyaboke," aliniambia siku moja akishika kitambaa changu, "una mkono mzuri. Lakini una jicho la pembeni. Jicho la pembeni halitungi uzi, mwanangu."

Nilikwenda nikalia nyuma ya choo. Nililia kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu Kerubo alikuwa pale akisikia.

Nitawapa mfano mmoja wa chai, kisha mseme kama nilikuwa na kosa. Sisi kwetu tulikuwa Wasabato. Majani chai tuliyapanda, tukayapalilia, tukayabeba kwenda kuyauza, lakini kinywani hayakuingia, ilikuwa dhambi. Madam hakuwa Msabato, na baada ya benchi alitupa kila mmoja kikombe cha chai ya maziwa, nzito, yenye tangawizi. Mimi nilikunywa. Nilikunywa ili Madam aone kwamba kwa ajili yake naweza kuvunja hata amri ya kanisa, kisha nikaomba msamaha kwa Mungu njia nzima ya kurudi nyumbani. Kerubo alishika kikombe kwa mikono miwili, akakirudisha, akasema taratibu, "Ahsante Madam, sisi kwetu hatunywi." Mnajua Madam alifanya nini? Alisimama, akamchemshia maziwa peke yake, akamtilia asali! Yangu hakuiona hata ilivyoisha. Ala! Mtu unavunja usabato wako bure.

Lakini nisimfanye malaika, kwa sababu hakuwa. Alitufundisha kwamba kuchelewa ni wizi, na kanisani kwake mwenyewe aliingia wakati wa sadaka. Alitukagua kucha na masikio, kumbe ndani ya kikapu chake, chini ya nyuzi, kulikuwa na kikopo cha ugoro. Tulimwona mara nyingi akigeukia ubaoni, anavuta pumzi, halafu chafya tatu mfululizo, na sisi tunasema kwa pamoja, "Afya, Madam," na yeye anasema, "Ni vumbi la chaki." Alituambia tusimwogope binadamu yeyote mwenye miguu miwili, na yeye aliogopa kuku. Naapa. Jogoo akiingia darasani Madam alikuwa juu ya kiti.

Juu ya ndoa ndipo alipotuchanganya kabisa. Alisema ndoa si kazi, na msichana ambaye ng'ombe wake wa mahari wameshaingia boma la baba yake asimpotezee muda. "Huyo mimi simpeleki mbele," alisema. "Chuo si kituo cha kupumzikia ukiwa njiani kwenda kwa mume." Akasema na akarudia, na sote tulijua hatanii, maana mwaka uliotangulia alimwondoa msichana mmoja kwenye orodha kwa sababu hiyo hiyo. Lakini harusi zote za Nyaramba mpaka Ekerenyo, gauni ni la Madam, bila malipo, na yeye yuko nyuma ya kanisa analia mpaka leso inalowa. Ukimuuliza anasema, "Mimi nashona tu. Sibariki."

Na kulikuwa na sweta. Ilikuwa ya buluu, ameifuma mwenyewe, vifungo sita vya pembe, na ilitoka sandukuni kwa ajili ya usaili tu. Kila mwaka aliivaa msichana mmoja, yule ambaye Madam alimwamini zaidi. Aliyeivaa alipita, hivyo ndivyo tulivyoamini, na mimi nilikuwa nikiitazama sandukuni kama mgonjwa anavyotazama uji. Mwaka wetu chuo kilituita wawili tu kutoka shule yetu, Kerubo na mimi. Madam alifungua sanduku, akaikung'uta, akamwita Kerubo aje aijaribu.

Mimi nilipewa kitambaa cha mkononi. Nilichopinda mwenyewe.

Lakini nilikuwa na kitu kingine ambacho Madam hakukijua. Likizo ya Agosti, ng'ombe walikuwa wameingia boma la kina Kerubo. Nilikuwepo, nilimsaidia mama yake kusonga ugali wa wimbi kwa ajili ya wageni. Aliyewaleta alikuwa mzee mmoja wa upande wa Ekerenyo, mrefu, mwenye kofia ya kahawia na fimbo iliyofungwa shaba, mzee wa kanisa anayeheshimiwa, na kijana wake alikuwa karani. Walikubaliana Kerubo asome kwanza. Jioni ile Kerubo alinivuta nyuma ya migomba akanishika mikono yote miwili.

"Nyaboke, mama, usimwambie Madam. Akijua ataniondoa."

"Kwani mimi nina mdomo?" nikamwambia.

Sikumwambia Madam. Niliiweka siri ile kama mtu anavyoweka kuni kavu, nikijua mvua itakuja.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Sisi Wagusii tuna ensoni, ile heshima ya haya kati ya mtu na wakwe zake. Ng'ombe wakishaingia, baba mkwe ni baba mkwe, hata harusi ikiwa bado. Humpi mkono. Hukai naye uso kwa uso chumba kimoja. Ukimwona anakuja barabarani unaingia kwenye michai mpaka apite, na yeye naye anageuza uso, maana ensoni inamfunga vile vile. Msichana anayempa baba mkwe mkono hana malezi, na aibu inarudi kwa mama yake. Madam, na miaka yake yote kwetu, hakuyajua haya vizuri. Alidhani ni woga tu wa wasichana wa bara, ndiyo maana alitufundisha kuingia, kuwapa wote mkono, kuwatazama machoni, kukaa.

Siku ya usaili tulikuwa wasichana kama ishirini kwenye veranda ya chuo, benchi mbili, asubuhi ya baridi. Wengine walijipepea, wengine walitafuna kucha. Kerubo na mimi tulikaa kama Madam alivyotufundisha, na mtunza bustani alipita akatutazama sisi wawili, nikasema moyoni, huyo tayari anatusaili. Kerubo alikuwa mbele yangu kwenye orodha.

Nilikwenda chooni. Wakati wa kurudi nilipita nyuma ya jengo, na dirisha lilikuwa wazi. Ndani niliona meza ndefu. Mkuu wa chuo, mama Mzungu mwenye miwani. Bwana wa elimu, kijana wa kutoka mkoa mwingine. Na mwishoni, kwenye kiti kilichokuwa cha mjumbe mwingine ambaye nilisikia wakisema ameshikwa na ugonjwa, nikaona kofia ya kahawia juu ya meza, na fimbo yenye shaba imeegemezwa ukutani.

Nilisimama pale. Nilijua kila kitu kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Ningemwambia Kerubo, angemtafuta mama wa mapokezi, wangepanga mzee atoke kidogo, mambo yangekwisha. Lilikuwa neno moja tu.

Nikarudi. Nikakaa. Magoti pamoja, mikono juu ya magoti, mgongo usiguse ukuta.

"Nyaboke, unatetemeka," Kerubo aliniambia. "Umeshikwa na tumbo? Uso wako umekuwa majivu."

"Ni baridi."

Akavua sweta. Ndiyo, ile ya buluu. Akaniwekea mabegani, akanifunga kifungo cha juu kama mama anavyomfunga mtoto. "Vaa. Mimi sina baridi." Akachukua barua yangu akanishikia isije ikaanguka.

Niliivaa. Miaka miwili nilikuwa nimeitamani, na ilikuwa na joto la mwili wake. Nikangoja. Katika maisha yangu yote sijawahi kungoja vizuri namna ile.

Wakamwita. Akanirudishia barua, akanyoosha sketi, akaenda. Mlango uliachwa wazi kidogo, nikaona alivyofika katikati ya chumba na mkono wake umeshanyooshwa kwa mama Mzungu. Halafu akamwona mzee. Mkono ulirudi kwenyewe. Aliinamisha kichwa, akafunika uso, akageuka, akatoka mbio, akapita mbele yetu mpaka nyuma ya tangi la maji. Na mzee, ndani, alishageuza kiti chake akatazama ukuta. Hakusema neno. Angesemaje? Mbele ya wageni, aanze kueleza mambo ya mkwe wake?

Mama Mzungu alitoka na orodha yake, mashavu mekundu. "Msichana huyu ana nini? Nani anatoka shule moja naye?"

Nikasimama. "Mimi."

"Ana nini?"

Wasichana wote walinitazama. Kupitia mlango niliona mgongo wa mzee, na najua alisikia.

"Ameogopa," nikasema.

Bwana wa elimu akaandika kitu, akakipigia mstari. Kisha wakaniita mimi. Mzee hakuwa na ensoni nami, nikampa mkono, nikamtazama machoni, nikakaa. Alikuwa wa kwanza kuangalia chini.

Madam alitungojea Nyamira, mbele ya duka moja, amesimama kwenye jua bila mwavuli. Tuliposhuka kwenye basi alimtazama Kerubo, macho yaliyovimba, kisha akanitazama mimi na sweta. Kerubo hakusema. Angesema angelazimika kutaja ng'ombe, na kwa kadiri alivyojua mwaka ujao angeweza kujaribu tena, mradi Madam asijue. Alisema tu, "Nisamehe Madam," akaenda akasimama mbali.

"Nyaboke. Kumetokea nini?"

"Aliogopa, Madam."

"Kerubo? Aliogopa?"

"Ndiyo, Madam."

Alimtazama Kerubo kule aliposimama. Kisha akanyoosha mkono, akagusa ukosi wa sweta. "Imekukaa vizuri," akasema. Siku nzima nilikuwa nimeisubiri sifa kutoka kwake, na hiyo ndiyo niliyopata.

Nilipita. Kerubo hakujaribu tena. Januari mimi niliingia chuoni, na mwezi wa nne wakamwoza. Gauni lilishonwa na Madam. Mimi sikuhudhuria, nilisema nina mitihani.

Mngedhani basi nimeshiba. Aka! Chuoni nilikuwa na kitanda changu, kabati langu, na bado kila Jumamosi barua zilipogawiwa nilisubiri ya Madam. Ilikuja moja tu kwa miaka miwili. Aliniuliza kama wanatufundisha pindo la kipofu, lile ambalo mshono wake hauonekani, akanisihi nile vizuri, na kwenye mstari wa mwisho akaandika, "Kerubo amejifungua salama." Niliichana barua, kisha nikaokota vipande vyote nikaibandika kwa uji. Ninayo mpaka leo, ina madoa.

Nilikaa bila kumwona karibu miaka tisa. Nilikuwa nafundisha shule moja upande wa Keroka, na kila likizo nilikuwa na sababu. Mara nyumba ya mama inavuja, mara kuna semina. Ukweli ni kwamba niliogopa, na safari hii neno hilo ni la kweli. Kisha mwisho wa miaka ya sabini mwalimu mmoja akaniambia kwamba Madam ameacha kazi, miguu imevimba, macho karibu yamekwisha, anaishi karibu na Ekerenyo. Nikanunua mkate, sukari, kilo moja ya majani chai, nikaenda Jumapili asubuhi.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya mabati, ndani ya boma kubwa lenye michai pande zote. Mbele ya mlango, chini ya upenu, palikuwa na benchi refu. Nililijua. Upande wa kushoto lilikuwa na alama ya mkasi niliyoichora mwenyewe siku moja ya hasira. Mlango ulikuwa umerudishwa, ndani maji yanamwagika, watu wawili wanazungumza polepole.

"Hodi," nikasema.

"Ngoja kidogo!" sauti ikajibu. "Tunaoga."

Nikakaa, nikangoja. Baada ya muda mlango ukafunguka na mwanamke akatoka na beseni la maji ya sabuni. Amenenepa kidogo, kitambaa kichwani, mkono wa kushoto una kovu la jiko. Aliyamwaga maji kwenye migomba, akageuka, akaniona.

"Yaaye! Nyaboke! Bwakire, Nyaboke, bwakire buya!" Kerubo alinisalimia kwa Kigusii, akaangusha beseni akanikumbatia na mikono iliyolowa. "Umekuja! Madam atafurahi. Hebu nikutazame. Umekuwa mwalimu kweli kweli."

"Unaishi hapa?"

"Si ndiyo kwangu hapa? Hili ni boma la mume wangu. Mzee alipofariki alituachia, na kabla hajafa alisema Madam apewe pale penye jua. Alisema tu hivyo, hakusema kwa nini." Alijifuta mikono. "Unajua, nikikuona nakumbuka siku ile ya intavyu. Ulivyotetemeka! Nilisema huyu tumbo litamwaibisha mbele ya wazungu. Nilikuombea, kabla hawajaniita nilikuwa nakuombea wewe."

Niliokota beseni lake, nikamrudishia. Aliniambia niingie, yeye akaenda kuwasha moto.

Madam alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda, leso imefungwa vizuri kifuani, na mabegani ile sweta ya buluu, viwiko vimetiwa viraka. Viraka vilikuwa vimeshonwa vibaya, mshono wa Kerubo huo, nikautambua kwa mbali. Alinitambua kwa hatua.

"Mkono mzuri umefika," akasema. "Kaa."

Niliketi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Madam, siku ile ya usaili, Kerubo hakuogopa."

"Najua."

"Unajua?"

"Wiki ya pili baada ya pale nilikuwa natembea naye barabarani. Mzee akatokea mbele yetu. Kerubo akaniachia kikapu, akazama kwenye michai mpaka kiunoni, na mzee akapita akitazama mawingu. Nikamuuliza mama mmoja wa kanisa, akanieleza yote, ng'ombe na ensoni. Nikakumbuka sweta ilikuwa mwilini mwa nani." Alitafuta kikopo cha ugoro kwa vidole, hakujificha tena. "Nikaenda chuoni. Nilimweleza mkuu, na yule mama alielewa, hakuwa mtu mbaya. Akasema kwa kumvika mwenzake sweta, na kwa adabu hii, angemchukua Kerubo saa ile ile. Lakini nafasi zimejaa. Akasema kuna nafasi mbili za shule yako, moja imekwenda kwa msichana wa shule nyingine, moja ni ya yule wa pili. Ukiniambia yule wa pili alidanganya, nitaibadilisha. Akanipa karatasi."

Nje nilisikia Kerubo akipuliza moto.

"Na ukaandika nini?"

"Sikuandika. Nilikaa nayo kwenye benchi lao, lile lile mlilokalia, mpaka saa nane. Nikairudisha tupu." Alipiga chafya, moja, mbili, tatu, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Afya, Madam."

"Ni vumbi," akasema, akatabasamu.

"Kwa nini? Ulimpenda yeye."

"Ndiyo sababu. Kerubo ukimnyima chuo anabaki Kerubo. Wewe, mwanangu, ningekunyima ungebaki na nini?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeweza kumkasirikia. Nilikaa pale na cheti changu, na kitanda changu, na miaka yangu yote ya kuitwa Mwalimu, vyote nikiwa nimepewa kama sadaka na mwanamke aliyenihurumia. Na mnajua nilihisi nini? Si aibu. Aibu ilikuja baadaye, njiani. Kwanza nilihisi wivu, ule ule wa kidato cha pili, mchanga, hata haujazeeka.

"Madam," nikasema upesi, "twende ukakae kwangu. Nina nyumba ya shule, vyumba viwili, sakafu ya simiti. Nitakuosha mimi. Viraka hivi nitavifumua nivishone upya. Hutakosa kitu."

Alicheka kidogo, akanyoosha mkono akanipapasa shavu. Mkono wake ulinuka ugoro na sabuni.

"Nyaboke, mwanangu. Mimi nina mtoto tayari."

Kerubo akaingia na sinia. Chai mbili, nzito, za tangawizi, na kikombe kimoja cha maziwa, chake mwenyewe. Akaweka, akamtilia Madam asali bila kuulizwa, na Madam akainua uso kuutafuta uso wake, akaupata, ndipo akashika kikombe.

Nilisema ninatoka kidogo kupunga upepo. Nikakaa kwenye benchi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Nilidhani mmoja wao atatoka aniite. Chai yangu ilibaki ndani, na niliwasikia wakicheka.